Kompyuta Isiyoazimwa

Siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Umeniuliza ukanunue kompyuta gani huko mjini Pemba ya kutunzia habari za wagonjwa wa zahanati yetu, nami badala ya kukutajia jina la mashine nitakuchosha na hadithi. Nivumilie. Mimi mwenyewe nimechoka kuisimulia, maana kila anayeshika kazi hii huanza kwa kuniona bibi mwenye roho mbaya.

Nilikuwa kijana, napokea wagonjwa kwa daktari mmoja hapa Palma, mtu wa watu, Mungu amrehemu. Alinunua kompyuta nzuri kweli, ina kioo kipana na spika kubwa, akaiweka barazani kila mtu aione. "Hii itafanya yote," alisema. Na ilifanya yote. Asubuhi inaandika wagonjwa, mchana inachapa barua za majirani, jioni vijana wanatazama mpira. Sisi watu wa pwani unatujua: kitu kinachowaka nyumbani mwako ni cha mtaa mzima, na kumnyima jirani ni aibu kubwa.

Ikafika harusi. Mjomba wake daktari akaja na flash, anataka kunakili nyimbo. Nani amkatalie mjomba? Akaichomeka, na virusi vilivyokuwa ndani yake vikaingia kwenye mashine. Sisi hatukujua, tulicheza palepale barazani, hata daktari alitikisa mabega. Kesho yake mashine haikufunguka, na nakala ya habari zile hatukuwa nayo popote.

Asubuhi hiyohiyo Zainabu, mgonjwa wetu wa zamani, aliletwa kutoka kijiji cha Mute kwa pikipiki, mjamzito, homa imempanda hata hasemi. Mama yake amekaa nyuma, amemkumbatia asianguke. Daktari alipotayarisha sindano, yule mama akamshika mkono.

"Ngoja, daktari. Ipo sindano ilitaka kumwua mwaka jana. Jina lake mimi sikulishika. Mliandika ninyi."

Daktari akanitazama.

"Komputadori imekufa, mama," nikasema. "Jana waliweka nyimbo za harusi."

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Nimekupeni amana, nanyi mmeichezea ngoma?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Daktari aliogopa kubahatisha. Akahangaika kutafuta gari, akampeleka hospitali kubwa, na muda ukapotea mwingi. Zainabu alipona, mtoto hakupona. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Daktari alikuwa akikutana na yule mama anamwamkia, naye anamwitikia vizuri tu, na nadhani hilo lilimzeesha kuliko kama angemtukana.

Basi, mwanangu, usitafute mashine ya kupendeza. Nunua ya kazi hiyo moja tu, wanayoiita servidor, isiyo na spika wala kioo cha kuita macho ya watu. Iwe na diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Iwe na betri ya kuishikilia umeme unapokatika, maana umeme wetu unaujua. Muulize fundi wa hapa kama anaweza kuifungua na kuitengeneza. Kama hawezi, iache hukohuko dukani. Ifungie chumba cha ndani, pakavu, hewa ya chumvi isiifikie, na ufunguo ukae nao wewe. Kila jioni toa nakala, ilale nyumba nyingine. Ukitaka kuwafurahisha majirani, wanunulie kompyuta yao.

Ndugu zako watakuja kuomba. Wakaribishe, wape chai, uwaambie hapana. Watanuna, watakusema mpaka uwanjani kwa msikiti, nawe utachoka kama nilivyochoka mimi. Lakini walichokuachia wagonjwa hukupewa ukifanyie ukarimu.

Mungu akupe kifua cha kubeba lawama za watu unaowapenda, ailinde mikono yako na kazi yako, na kila mgonjwa atakayeingia kwako akitoka, atoke na uhai wake. Amina.