Nilivyowakodisha wakulima wa Rujewa viti vya jukwaa ambalo halijajengwa

Wakuu, kwema huko mliko?

Naleta jambo lililonikuta mimi mwenyewe. Sitalipamba, maana hilo neno pambo ndilo lililoniponza, kama mtakavyoona.

Naishi Mbeya na naandika riwaya. Riwaya hazilipi, kwa hiyo nilichukua kibarua kwenye timu moja ya mpira hapa mjini. Jina naliacha. Mnaoijua, naomba mnyamaze nami ninyamaze.

Timu ilitangaza upanuzi wa uwanja. Mwenyekiti alituita ukumbini, akawasha projekta, ukutani ukachanua uwanja mpya: jukwaa la mashariki lenye paa jeupe, viti vya bluu, na minazi pande zote za mlango.

Minazi, wakuu. Mbeya hii ambayo mwezi wa saba hata mbwa anatamani koti.

Mashabiki kwenye picha walikuwa Wazungu watupu, wamevaa kaptula.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: tunauza season ticket, yaani tiketi za msimu mzima, za viti vipya, hela hiyo inajenga viti vipya, walionunua wanakuja kukaa. Fundi mmoja akauliza, "Na ligi ikianza kabla hatujamaliza?"

Mwenyekiti akamwambia, "Wewe jifunze kuwaza chanya."

Mimi nilipewa kazi ya kuandika kipeperushi na kwenda kuuza Mbarali, kwa sababu ndiko hela inakopatikana baada ya mavuno. Nilizaliwa Rujewa. Baba mdogo bado analima mpunga kule.

Shida ikawa neno moja. Kule ukisema "msimu" hakuna anayewaza ligi. Msimu ni maji kuingia mfereji, miche kusimama, uwanda wote kuwa kijani hadi macho yanapoa, kisha dhahabu, kisha mashine za kukoboa kunguruma mchana kutwa. Tiketi ya msimu wangeielewa vipi?

Nikakaa siku tatu, nikaandika:

"Kodi kiti chako kama unavyokodi jaruba. Msimu mzima ni chako."

Kwa msiojua, jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta ili maji yatulie. Asiye na shamba anakodi majaruba kwa msimu.

Baba mdogo alikisoma kipeperushi akiwa amesimama mashineni, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi. Akasema, "Hapa umesema, mwanangu." Akalipa, akachukua kadi yake ya kiti. Jirani yake Luhende, Msukuma ambaye familia yake ilihamia huku kwetu Usangu na ng'ombe, naye akachukua. Kisha Baba mdogo akapita mashine moja hadi nyingine akinitambulisha, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu."

Kadi zikaisha kwa wiki moja.

Hapo nielewane nanyi vizuri. Wale wazee hawakuiamini timu. Walimwamini mtoto wa kaka.

Basi ujenzi ukaanza. Ili kujenga jukwaa jipya wakabomoa la zamani. Nadhani ni uwanja wa kwanza kupanuliwa kwa kupunguzwa. Baadaye hata nafasi iliyobaki haikutosha, mechi zetu za nyumbani zikahamishiwa Iringa.

Baba mdogo na Luhende wakapanda basi kwenda Iringa, kadi zinaning'inia shingoni. Getini kulikuwa na mama mmoja wa Kihehe.

"Kamwene, baba. Hii ni ya nini?"

"Kiti changu hicho. Mashariki, mstari wa tisa."

Mama akageuka kutazama. "Baba, mashariki hapa ni ukuta. Lipa kama wenzio."

Wakalipa. Wakakaa kwenye zege.

"Nyie Wasangu mnakodishwa hewa na mnashukuru," Luhende akamtania.

"Na wewe je? Si ulichagua kiti cha pembeni, eti unyooshe miguu? Haya, nyoosha!"

Tukafungwa mbili.

Ligi ikaisha. Jukwaa la mashariki lilikuwa nguzo nane zenye nondo zimechomoza juu, na kunguru wamejipanga juu yake kama wenye tiketi. Ndipo timu ikatangaza kuuza season ticket za mwaka unaofuata. Viti ni vilevile. Mpango wa Mwenyekiti ulikuwa umeshahesabia hela ya kuviuza viti hivyo kila mwaka kwa miaka mitano mbele.

Baba mdogo akanipigia. "Waambie wakubwa wako waje huku. Na wewe uje. Kipeperushi kipya usilete, njoo na kile cha zamani."

Njiani kwenda Rujewa, Mwenyekiti akanigeukia ndani ya gari. "Dogo, ukiulizwa, sema ile ya jaruba ilikuwa lugha ya picha. Wewe si mwandishi? Tukimaliza hili salama, wewe ndiye ofisa habari. Ajira ya kudumu."

Sijawahi kuwa na ajira ya kudumu, wakuu. Nilitazama dirishani mpaka Chimala.

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa mashine. Wazee walikaa juu ya magunia. Mwenyekiti alipewa kiti cha plastiki, kimoja tu kilichokuwepo.

"Mnaona!" Luhende akapaza sauti. "Hapa mwenye kiti ni mmoja tu!"

Kicheko kilipotulia Mwenyekiti akasema, "Wazee wangu, msimu umeisha. Ligi imekwisha, bingwa amepatikana."

Baba mdogo akasimama. "Bingwa hatuhusu. Sisi tulikodi. Mwenye jaruba asipoleta maji, huo msimu huku kwetu unahesabika?"

"Hauhesabiki!"

"Maji yalifika?"

"Hata umande!" akajibu Luhende.

Mwenyekiti akajifuta jasho. "Jamani, lile lilikuwa pambo la maneno. Aliyeandika huyu hapa, awaambie mwenyewe."

Baba mdogo akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri jibu la vipimo hospitali.

Nikakifungua kipeperushi, nikakisoma chote kwa sauti. Kisha nikasema, "Halikuwa pambo. Nilitafuta siku tatu neno ambalo hamtalielewa vibaya. Na mmelielewa sawasawa."

Mwenyekiti akasaini kwenye karatasi ya daftari, watu wamemzunguka: kadi za zamani bado ni halali, na msimu utaanza siku ambayo kiti kitakalika. Akaingia garini akaondoka bila mimi.

Nasikia siku hizi anauza viti vya jukwaa la magharibi, ili apate hela ya kumalizia la mashariki.

Vumbi la gari lilipotua, Baba mdogo akaniuliza, "Kwa hiyo kazi ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, baba."

Akatikisa kichwa, akaniwekea mkono begani. "Kesho tunavuna kwa Luhende. Vaa shati la mikono mirefu, mpunga unakwaruza."

Nilichojifunza ni hiki: kama muuzaji anahitaji hela yako ili kiti kiwepo, mkubaliane kwanza msimu unaanza lini. Na anayeishi kwa kuandika, neno alilomuuzia mtu asilirudishe kuwa pambo siku ya kudaiwa.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine ana kadi ya kiti ambacho hajawahi kukikalia? Aseme ni wapi, na mechi anaangalizia wapi.