Audax na Kitalu cha Mgagani

Audax alikuwa mtu wa aina ambayo amani iliturudishia kwa wingi: mdomo mbele, mikono mfukoni. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Gishubi, upande wa Gitega, na ndevu na majivuno, hana hata jembe. Baba yake alifia hukohuko ugenini. Shamba la ukoo lilikuwa mikononi mwa shangazi yake Dorotea, aliyetangulia kurudi na kulifufua kwa mgongo wake.

Shangazi hakumzungusha.

"Sehemu ya baba yako ipo, lakini simpi mtu asiyejua kutunza. Naenda Muyinga, kule Buhinyuza, dada yako Upendo anajifungua. Nikirudi nikikuta kitalu changu kizima, sehemu ni yako."

Kitalu kilikuwa cha mgagani, ile mboga chungu anayopikiwa mzazi ili maziwa yashuke. Wanawake wa kilima kizima walichukua mbegu pale kila mvua zilipokaribia. Lakini msimu ule mgagani wa porini, gugu linalofanana nao, ulikuwa umejipenyeza humo. Nao ni mmea wa msimu mmoja, una majani ya vidole vilevile, na mbegu zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha. Ilibidi ung'olewe ungali na maua.

Dorotea alichuma ua. "Usidanganywe na rangi, Audax. Angalia nyuzi za katikati. Za mgagani zimepanda juu ya kijiti, zimeziacha petali chini. Za ule mwingine zinaanzia palepale petali zinapoanzia. Na ukiushika unanata kama ulimbo."

Audax alipiga miayo. "Shangazi, mgagani nimeula tangu sina meno."

"Kula umekula. Umewahi kuchuma?"

"Ah, hiyo kazi ya kina mama."

Hapo ndipo elimu yake yote ilipoishia. Mgagani aliujua ukiwa fungu mikononi mwa mama yake, umechumwa kabla ya kutoa maua, mashina yake ya zambarau. Kwa hiyo, shangazi alipoondoka tu, aliamua kwamba ua la zambarau ndilo lenyewe, na jeupe ni gugu. Akaanza kung'oa meupe.

Hamadi, fundi cherehani wa pale sentani penye maduka, alikuwa akipita, akasimama.

"We Audax! Hii iko mboga, unaitupa juu ya nini?"

"Rudi kwenye cherehani yako, mzee."

"Bon. Mi nashona, lakini bibi yangu anachukuaka mbegu hapa. Angalia vizuri."

"Kule tulikokuwa sisi..."

"Kule, kule! Basi kapande kule!"

Audax akainama kulitazama ua jeupe alilolishika. Nyuzi zilikuwa zimepanda juu ya kijiti, vilevile alivyoambiwa. Aliziona. Shina halikunata. Nusu ya kitalu ilikuwa bado imesimama, na kuacha pale kusingemgharimu chochote isipokuwa kicheko cha fundi mmoja. Lakini Hamadi alikuwa bado anamtazama. Audax akalitupa ua kwenye lundo, akaendelea kung'oa mpaka halikubaki jeupe hata moja. Mtu asiyejua nitamsamehe. Huyu alijua.

Dorotea aliporudi, kitalu kilikuwa zambarau tupu, maganda ya mbegu yamekauka na kupasuka, mbegu zimemwagika. Aliminya jani, vidole vikanata. Hakupandisha sauti.

"Nani aling'oa?"

"Shangazi, ni mvua. Mvua zilibadilisha rangi ya maua."

"Mvua."

"Wallahi, muulize Hamadi."

Mkristo huyo, tena mwenye tasbihi shingoni, anaapa kwa kiapo cha jirani.

"Ungesema umekosea," alisema Dorotea, "tungelima upya pamoja, na sehemu ningekupa. Lakini leo mvua, kesho utasema panya. Ardhi ya kaka yangu nitailima mwenyewe."

Msimu uliofuata Dorotea alipita mlango kwa mlango akiomba mbegu kwa wanawake aliokuwa akiwapa. Walimpa, kila mmoja kiganja kidogo. Audax alikuwa ameshahamia Buhinyuza kwa Upendo. Huko anakula mgagani uliopikiwa mzazi, na kuwasimulia majirani jinsi shangazi yake alivyomdhulumu shamba.