Picha Iliyotoka Itigi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Dereva wa lori alisimama hapa Mungaa, akatukabidhi bahasha. Ndani hamkuwa na barua, picha tu. Dada yangu Helena, aliyeolewa Itigi, hakujua kuandika.

Mama akanipa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mimi ndiye msomaji wa nyumba.

"Anasemaje dada yako?"

Nikaangalia. Gauni la maua, viatu vya kisigino, mkono juu ya kiti, nyuma ukuta uliochorwa bustani. Anatabasamu. Mwaka ule uwele ulikauka shambani, nasi tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

"Anasema ameneemeka," nikajibu. "Anaturingia."

Mama alikuwa ameshamfunga kuku miguu, aende naye Itigi kumwona Helena. Nikamwambia, "Mwenye viatu vile hana shida na kuku wako." Akamfungua kuku, safari ikaishia hapo.

Mvua zilipoanza tukaletewa habari kwamba Helena amefariki. Tulifika Itigi kaburi limeshafukiwa.

Jirani wa Helena, mama wa makamo, aliiomba ile picha, akaniita kando.

"Gauni ni langu," akasema. "Nililibana kwa pini mgongoni, alikuwa amekonda sana. Viatu ni vya mpiga picha. Na kiti alikishika asianguke. Hakutaka kupigwa picha na matambara, lakini alisema, 'Mama ataona shingo yangu, atakuja.'"

Nikaitazama shingo. Mifupa ilikuwa pale, tangu siku ya kwanza.

Mama hakunilaumu. Ila hakunipa tena kitu nimsomee, mpaka anafariki. Nimezeeka sasa, na sijapata namna ya kumwomba msamaha mtu aliyezikwa.

Ninyi mnaletewa picha kwenye simu kutwa nzima, na mnahukumu upesi kuliko nilivyohukumu mimi. Mwanangu, picha hutengenezwa. Kuna aliyechagua nguo, pa kusimama, kionekane nini na kifichwe nini. Usiishie kwenye nguo. Tazama mwili, tazama mikono, uliza nani ameituma na anataka nini kwako. Tena jichunguze wewe unayetazama. Mimi niliona njaa yangu na hasira yangu, nikadhani namwona dada. Usipokuwa na hakika, funga safari ukamwone mtu mwenyewe angali hai.

Mungu akupe macho yenye huruma, mwanangu, na mzigo huu ninaoubeba usikufikie kamwe.