Kigari cha Elia

Harufu ya dizeli iliyooshewa vyuma ikinikuta popote, hata ndani ya lifti ya jengo fulani la Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam, alimosimama fundi mwenye ovaroli, nakuwa tena mtoto wa miaka kumi. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi, sikufichi msomaji wangu, huniamshia wivu.

Baba alikuwa akiuza spea kuukuu za pikipiki Kariakoo: injini, mashokapu, matangi yaliyobonyea, vyote vimepangwa chini mpaka karibu na barabara. Jumapili tukitoka kanisani alinichukua mimi peke yangu hadi dukani. Kazi yangu ilikuwa kuosha boliti kwa mswaki mkuukuu ndani ya kopo la dizeli. Nilirudi nyumbani nanuka kama gereji, mama analalamika, baba anacheka: "Mwache Manka wa baba." Sikujua cheo kikubwa kuliko hicho duniani.

Ndipo akaja Elia. Alikuwa mtoto wa baba wa kabla ya ndoa, kijana wa miaka kumi na tano aliyelelewa na bibi yake mzaa mama huko Kilimanjaro. Bibi alipofariki, baba akaenda kumchukua. Alifika kwetu Ilala na begi moja la bluu, akaliweka nyuma ya mlango, na nguo zake hazikuingia kabatini. Asubuhi alichomoa shati humo, likifuliwa alilirudisha humo humo. Elia alimwita mama yangu mama bila taabu. Lakini baba alimwita mzee tu. "Mzee, naomba chumvi." "Mzee, eti mabasi ya Moshi yanaondokea wapi?" Baba alimjibu, kisha akabaki anaitazama sahani yake.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Jumamosi moja alikuja na mkokoteni uliobeba fremu ya kigari cha porini, kile cha mabomba matupu kisicho na bodi, chenye matairi manene ya kukatiza matopeni. Mwenye kigari hicho alikuwa amekitelekeza kwa mchomeleaji. Pembeni ilikaa injini ya pikipiki kutoka dukani kwetu. Baba akaviteremsha uani, akasema bila kumtazama Elia, "Watu wanasema hii haiwezi kukaa humu. Wewe unaonaje?"

Elia akaizunguka fremu. "Inakaa," akasema.

Jumapili zangu zikaishia hapo. "Manka, kamsaidie mama vitunguu," baba aliniambia, mimi, niliyezijua spana kwa saizi zake! Nikamenya vitunguu huku nachungulia dirishani. Kopo langu na mswaki wangu vilikuwa mikononi mwa mgeni. Vichwa vyao viliinama pamoja juu ya injini mpaka vikakaribia kugongana, na siku moja nikamsikia baba akimwita "fundi." Mama alinihurumia akidhani machozi yangu ni ya vitunguu, nami sikumsahihisha.

Shida yao ilikuwa mnyororo. Gurudumu la meno la injini lilikuwa kushoto, la ekseli lilikuwa kulia. Elia akapata wazo. "Tuigeuze injini itazame nyuma. Mnyororo utanyooka wenyewe."

Baba alifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Haya," akasema. "Tuigeuze."

Wakachomelea. Siku ya kujaribu tulikisukuma kigari hadi uwanja wa mpira wa vumbi, nusu ya mtaa ikitufuata. Nilimwomba Mungu injini isiwake. Baba akapiga kiki, ikawaka, tena kwa mlio mzuri. Elia akaweka gia, akaachia klachi, na kigari kikaruka kurudi nyuma.

"Linaenda kinyumenyume!" watoto wakapiga yowe. Elia alipaniki, akazidisha moto badala ya kupunguza, na kigari kikaelekea meza ya mama muuza mihogo.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba, nifanyeje?"

"Kanyaga klachi! Na breki!"

Kikasimama kiganja kimoja kabla ya meza. Mama mihogo akatutukana ukoo mzima. Uwanja wote ukaangua kicheko, isipokuwa baba. Yeye alisimama mkono mdomoni, macho yamelowa, nami nilijua amesikia nini. Neno lile lilikuwa langu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuligawana na mtu. Nikarudi nyumbani peke yangu, nikipiga teke kila kopo njiani.

Ikabidi wakate, waigeuze injini, watengeneze ekseli upya. Kazi hiyo ilikula Jumapili nyingi mno. Katikati yake nikaliona begi la bluu limetundikwa msumarini, tupu. Elia akaanza shule Ilala.

Duka sasa naliendesha mimi. Kazi yote nilifundishwa na baba. Majuzi alikuja kijana anayetaka injini ya kuweka kwenye kigari kama kile. Akanichorea juu ya boksi namna atakavyoilaza. Kabla hajamaliza nikamwambia, "Ukiigeuza hivyo, mdogo wangu, utarudi nyuma kwa kila gia."

Nikalitazama boksi lile tena. Kama mimi nimeona kwa kutupa jicho, aliyenifundisha je?

Jioni nikapita nyumbani. "Shikamoo baba."

"Marahaba, Manka."

"Baba, kile kigari cha Elia. Ulijua kitarudi nyuma?"

Akakoroga chai yake. "Ningemwambia, tungemaliza Jumapili ile ile."

"Na mihogo ya watu?"

"Ya mihogo sikuijua," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Utotoni niliamini baba amempa Elia Jumapili zangu kwa kuwa anampenda kuliko mimi. Kumbe alikuwa anambembeleza mtoto ambaye angeweza kuondoka. Mimi nilikuwa wake tangu mwanzo, hakuwa na haja ya kunibembeleza. Nimelielewa hilo, na Elia ni kaka yangu, sitaki mwingine. Ila nikibaki peke yangu dukani, mikono imelowa dizeli, natamani angalau mara moja baba angekosea kitu makusudi ili akae na mimi.