Siku Bahari Ilipokuwa Inakuja Voi

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka watu wa nyumbani huuliza kama nimemeza dawa zangu. Ni ile siku niliyoamini, kwa akili zangu zote na kwa masomo yangu yote ya ngumbaru, kwamba Bahari ya Hindi inapanda kuja Voi.

Nimeikumbuka juzi nilipowasikia wewe na wenzako mkibishana hapo sebuleni. Mmoja wenu alisema taifa likiwa na nguvu na haki, liende tu vitani, kwani liombe ruhusa ya nani? Sikuingilia, maana mlikuwa mkipiga kelele kuliko injini ya makaa. Leo mmetulia, basi nakuandikia, nisikilize.

Ulikuwa mwaka ule Mwingereza na Mfaransa walipoipiga Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, Israeli wakiwa wametangulia kuingia. Mimi nilikuwa kijana wa kupakia mizigo stesheni ya Voi, na jioni nilikuwa nasoma ngumbaru, shule ya watu wazima. Nilikuwa nimefika mahali pa kusoma gazeti la Kiswahili bila kukwama, kwa hiyo kila liliposhushwa kwenye treni nililisoma kwa sauti nje ya hoteli ya chai, na watu kama elfu moja walikuja kunisikiliza. Tuseme ishirini, ukihesabu na mbuzi. Basi jioni moja nikasoma kwamba Wamisri wamezamisha meli ndani ya mfereji. Umezibwa kabisa, hakuna chombo kinachopita.

Fundi viatu mmoja akainua kichwa. "Sasa yale maji yanaenda wapi?"

Wewe umekulia na mfereji wa bomba jikoni, hutaelewa upesi. Sisi wa milimani tulikulia kando ya mitaro ya kumwagilia mashamba. Ukiuziba mtaro kwa gogo la mgomba, maji yanarudi nyuma, yanamwagika shambani kwa mtu, na mtu huyo anakuja kwako na panga. Kwa hiyo tulifikiri kwa mtaro. Fundi viatu akakata shauri: bahari itarudi nyuma, ifike Mombasa, ishike njia ya reli, na Jumapili itakuwa Voi. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua kusoma, nikaongezea kwamba papa watalala kwenye ghala la mizigo.

Kulipokucha niliomba ruhusa kazini, nikaenda mbio mpaka kijijini kwetu Mraru, kwa mama yangu. Mama alikuwa mjane, na wakati ule alikuwa akimlea mjukuu mchanga, maana dada yangu alijifungua akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mtoto yule alikuwa akiishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja mweupe. Shika hapo, mwanangu: huyo mbuzi mweupe ndiye aliyekuwa uhai wa mtoto.

Nikamwambia kaka yangu Mwadime, "Bahari inakuja. Tupandishe mbuzi mlimani."

"Umelisoma wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

Basi tukawaswaga mbuzi wote mpaka malisho ya kijiji cha juu. Zile nyasi wenyewe walikuwa wamezihifadhi, kwa sababu vuli ilikuwa imechelewa na huku chini kulikuwa kumebaki vumbi. Mama alituuliza kama tumeomba. Nikamjibu kwa ufasaha wa ngumbaru: "Mama, bahari haitungoji tuombane ruhusa."

Kabla ya jua kuzama mbuzi walikuwa wamekamatwa na kutiwa zizini. Watu wa juu wakaleta ujumbe, tena kwa adabu: mbuzi wako salama, njooni na mzee wenu, na wazee wa kijiji cha tatu, wasio wa kwetu wala wa kwenu, tuongee habari ya nyasi.

Mwadime alipandwa na hasira, na mimi nikazichochea. Mtoto analia njaa, mbuzi ni wetu, kuna nini cha kuongea? Kulipokucha tukawakusanya vijana wenzetu, jeshi zima, lililotosha kukaa kwenye benchi mbili, tukaenda kwa Mjomba Mghanga, ndugu wa mama, atutasie.

Labda nyinyi wa siku hizi hamlijui hilo. Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mtu mzima mwenye haki ya kufanya hivyo hupiga funda la pombe ya muwa, akalipuliza chini, huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kutaka mema. Ndiyo kutasa. Kijana hakuanza safari nzito wala shauri zito bila kutasiwa. Aliyekutasia alikuwa amelitazama jambo lako akaliridhia.

"Mjomba, tutasie," Mwadime akasema. "Tunakwenda kuchukua mbuzi wetu."

"Wazee wa kijiji cha tatu wamesemaje?"

"Hatujawauliza. Wale watakaa kutwa wakikohoa. Tena mmoja wao ameoa huko huko juu. Atatuamulia haki gani?"

"Kweli ameoa huko," Mjomba akasema. "Na yule mwingine husinzia. Wazee wa kukata maneno ni hao tulio nao. Sasa nyinyi mmepata nani aliye bora kuliko wao? Nyinyi wenyewe?"

Hapo nikaona zamu ya msomi imefika. "Mjomba, mbona Mwingereza hakuuliza mtu? Mataifa yamekutana kule Amerika, yanamwambia asimame, na yeye anapiga tu. Angengoja wakubaliane, mfereji ungempotea."

Mjomba alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

"Ule mfereji, ulizibwa lini?"

"Alipoanza kupiga."

"Basi alikwenda kuushika ukiwa unapitika, na sasa haupitiki. Ni wewe uliyetusomea."

Hapo nikawa nimeshindwa kwa maneno yangu mwenyewe. Jambo hilo halikunitokea tena mpaka nilipooa.

Kisha Mjomba akazungumza taratibu. Vita vya Mjerumani, vile vya kwanza, vilimkuta kijana, akabebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza kutoka Voi mpaka Maktau, na kutoka Maktau mpaka Taveta. "Mjerumani aliyeingia alisema ana haki," akasema. "Aliyemfukuza naye alisema ana haki. Pengine mmoja wao alikuwa nayo, mimi sikusoma. Ninachojua ni kwamba waliokanyagiwa mahindi ni watu wa hapa, na hakuna aliyekuja kuwauliza. Mtu akinivamia nyumbani kwangu, nitamzuia mlangoni bila kuuliza mtu. Lakini nyinyi mnakwenda mlangoni kwa wengine. Siwatasii."

Tukatoka. Na hapo, mwanangu, ndipo tulipofanya jambo ambalo mpaka leo likitajwa ukoo wote hunitazama mimi. Mwadime alipata kibuyu cha pombe, akasema, "Mzee akikataa, tutajitasia wenyewe." Tukasimama nyuma ya zizi tupu, kila mmoja akapiga funda, akatamka kwamba sisi tuna haki, sisi hatuna hasira, sisi tunakwenda kwa amani, na marungu tumeyabana kwapani. Pombe nyingi haikufika chini. Kama kuna mshtakiwa aliyewahi kujivika joho la hakimu akajiachilia huru, ni sisi.

Tulifika kijiji cha juu saa za alasiri. Langoni alisimama mzee mmoja mwembamba, Mzee Mwasaru, mwenye zizi. Hakuwa na fimbo. Alinyoosha mikono yote miwili kama anayezuia ndama.

"Taratibu, vijana wangu. Humu ndani yumo—"

Mwadime hakumngoja amalize. Ule mlio wa rungu kwenye mfupa, sina namna ya kuutilia chumvi, na nisingetaka. Mzee alikaa chini, akaushika mkono wake, akautazama kama kitu kigeni.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka mama yetu, mtoto mgongoni amelala, kibuyu cha maziwa mkononi.

Alikuwa amepanda asubuhi peke yake, akaomba kumkama mbuzi wake. Wakamruhusu, wakampa na mahali pa kukaa na mtoto mpaka wazee watakapokutana. Mtoto alikuwa ameshiba tangu asubuhi, wakati sisi bado tunagombania kibuyu cha pombe.

"Mmekuja kumpiga nani?" akauliza.

"Mama, tumekuja kwa ajili yako," nikasema. "Kwa ajili ya mtoto."

"Mimi mliniuliza?"

Hakupandisha sauti. Aliweka maziwa chini, akavua kanga yake ya kichwani, akaanza kuufunga mkono wa Mzee Mwasaru.

Mpaka saa ile shauri lilikuwa la nyasi, na nyasi huota tena. Baada ya saa ile likawa shauri la mfupa. Watu wa juu, waliokuwa tayari kuturudishia mbuzi kwa maneno mawili matatu, sasa waliweka vijana wao langoni. Njia ya kisima chao ikafungwa kwa dada zetu, na mama akawa anazunguka mbali kutafuta maji, naye ndiye tuliyesema tunampigania. Mwadime alishindwa kutazamana na watu, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na nyumbani akawa mgeni. Aliyetutoa shimoni ni nani? Ni wale wale wazee wa kijiji cha tatu. Walikohoa kutwa, kweli. Mmoja alisinzia, kweli. Na yule aliyeoa huko juu, tuliyemdharau, ndiye aliyehangaika kuliko wote, kwa sababu alikuwa na wakwe upande mmoja na marafiki upande wa pili, hakutaka kuwapoteza hawa wala wale.

Basi, mwanangu, mkirudi kubishana, mwambie mwenzako haya kutoka kwangu. Adui akiwa mlangoni, taifa lijilinde, halina haja ya kusubiri kikao. Lakini linapotaka kuvuka kwenda mlangoni kwa wengine, lipeleke shauri lake mbele ya mataifa mengine kwanza. Usidhani hayo mataifa mengine ni malaika. Wamo wanaosinzia, wamo wenye wakwe upande wa pili, na pengine watachelewa, na katika kuchelewa kwao mtu ataumia. Hilo nalo ni kweli, sitakudanganya, na linaniuma mpaka leo nikisikia habari za watu waliochinjwa wakati wakubwa wakiendelea na vikao. Hapo nasema wapigiwe kelele waamke, wasipewe usingizi. Ila mtu mwenye hasira hawezi kuipima hasira yake mwenyewe. Sisi tuliijaza kibuyu kizima na tukaiita amani. Na kabla ya hao wa mbali, waulizwe wale wanaosemwa kwamba wanapiganiwa. Pengine wako ndani, wanakama mbuzi.

Siku ya mapatano Mzee Mwasaru ndiye aliyetutasia, na mkono wake umefungwa kwa vijiti. Ulikuja kupona umepinda, na kila aliponipungia njiani nilikuwa naujua mkono ule kabla sijamjua mtu. Aliyoyatamka siku ile nakutamkia wewe, ijapokuwa kwenye karatasi siwezi kupuliza pombe: hasira yako na itoke ianguke chini ya miguu yako, isiingie nyumbani. Ulichonacho kikae, ulichopoteza kirudi kwa mlango. Mungu akupe majirani wa kukwambia hapana, na akupe sikio la kuwasikia.

Ah, na ile bahari. Kabla ya kutasa, Mzee Mwasaru aliniuliza ni nini hasa kilichotufanya tupandishe mbuzi kwenye nyasi zake. Nikamweleza yote mbele ya watu: mfereji, meli zilizozama, maji kurudi nyuma, njia ya reli, Jumapili. Papa niliwaacha. Wazee walikuwa wakijikaza wasicheke, na yule msinziaji alikuwa macho kabisa.

Mzee hakucheka. "Kijana," akasema, "wewe unapakia treni kila siku. Treni ya kutoka Mombasa ikija Voi, inapanda au inateremka?"

"Inapanda, Mzee."

"Basi bahari haikuja. Waliokuja ni nyinyi."