Mnaniuliza Kwa Nini Sikutoa Wimbo wa Pili

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilisikia redioni kwamba nimekufa.

Sitanii. Nilikuwa dukani napiga pasi suruali ya mteja, mtangazaji akasema, "Mungu amlaze pema. Alituachia wimbo mmoja tu, lakini wimbo wenyewe ndio huu." Kisha wakaupiga.

Wimbo wangu.

Kilikuwa kile kipindi cha wasanii wa wimbo mmoja. Watu wanapiga simu kutaja wimbo wanaoupenda kuliko zote, kati ya zile za watu waliotamba mara moja wakapotea. Mama mmoja alichagua ule wa binti wa mwavuli, akalia kidogo hewani, maana ndio uliokuwa unapigwa siku aliyochumbiwa. Dereva mmoja akawataja wale mapacha walioimba habari za baiskeli, akasema siku hizi mmoja anauza vioo na mwingine hasemi naye.

Wa kwangu ukashika namba moja.

Mteja wangu akatikisa kichwa, akasema kumbe Fundi Kesho alikufa, na alivyokuwa anachekesha yule. Nikamjibu ndiyo, nasikia alikufa. Nikamkunjia suruali yake akaenda zake.

Mtangazaji hakudanganya kwa makusudi. Fundi Kesho amekufa kweli, tumemzika mwezi uliopita, na habari ilivyosambaa mitandaoni watu wakadhani ni yule mwimbaji.

Mwimbaji ni mimi. Fundi Kesho mwenyewe, yule niliyemwimba, alikuwa kaka yangu.

Majirani wakawaambia redio kwamba niko hai, na tangu siku hiyo simu haijapoa. Redio wamepiga kuomba radhi, halafu wakauliza swali ambalo kila mtu huniuliza: kwa nini sikutoa wimbo wa pili? Mtaani wana majibu yao. Wengine wanasema nilirogwa. Wengine wanasema pombe. Kuna mmoja aliapa mbele yangu, bila kunijua, kwamba wimbo wenyewe niliuiba.

Mimi miaka yote nimekuwa nikijibu kwamba kipaji kiliisha. Ni uongo. Leo nasema ukweli, na mkitaka kunitukana mtakuwa na haki.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka alinizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo alinilea yeye. Alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, pazia katikati: mbele duka, nyuma tunalala.

Na alikuwa anajua kushona, jamani. Suruali ya kaka ukiivaa unatembea kama mtu aliyeacha gari lake hapo nyuma. Watu walikuwa wanatoka mbali na vitambaa vyao kwapani.

Halafu akaanza kuchelewesha kazi.

Mteja anakuja kuchukua nguo, kaka anavua futi shingoni, anaizungusha kwenye vidole viwili, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Njoo kesho. Njoo mapema, jua likitoka." Kesho yake mteja akija, yale yale. Mchana ukianza kupungua unamkuta amekaa amekunja mikono, vitambaa vimejaa mezani. Akishona anafumua, akifumua anashona tena. Siku moja alibandika mkono wa kulia wa koti upande wa kushoto, akasingizia kelele za redio.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, sina kazi, nashinda kwenye benchi la wateja. Nikaona kaka amekuwa mvivu. Nikaanza kumwigiza kwa washikaji zangu, futi, vidole, kikohozi na kila kitu, wakawa wanaanguka chini kwa kicheko.

Kutoka hapo ukazaliwa wimbo wa Fundi Kesho. Ni wa bwana harusi anayesubiri suti mpaka bibi harusi anaolewa na mwingine. Mnaujua wote kile kiitikio: "Njoo kesho bwana harusi, leo uzi umekatika. Njoo kesho na bibi harusi, kama hajachukuliwa." Nilikuwa naufanyia mazoezi jioni nyuma ya pazia, nikijua kaka katoka.

Siku moja akaniuliza kama wimbo wangu umeiva. Nikasema umeiva. Hakuuliza unahusu nini. Akanilipia studio yeye mwenyewe, na akanishonea shati la kuendea.

Shati lilikuwa na kola iliyopinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Wale wa studio walinicheka, na mimi nikacheka nao.

Wiki chache baadaye wimbo ukaanza kupigwa redioni. Nilikuwepo dukani kaka alipousikia mara ya kwanza. Aliacha kukanyaga cherehani, akausikiliza wote, akacheka. Akaniambia nimempatia barabara, hata kikohozi.

Mimi nikajua mambo safi. Kumbe.

Ule wimbo ulilipuka. Kila harusi, kila gari, kila saluni. Niliitwa kuimba kwenye miji ambayo hata ramani yake sikuijua. Kwa miezi minane sikukanyaga nyumbani. Nilikuwa na miwani ya jua niliyokuwa naivaa hata ndani, nikijiona nimefika.

Niliporudi, nilikuta duka limefungwa.

Kaka alikuwa ameoa nikiwa huko safarini, na harusi yenyewe sikuja, nilikuwa jukwaani. Shemeji, mkewe, ndiye aliyenipokea. Akanieleza bila kunipigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Alisema watoto walikuwa wanajipanga nje ya duka na kuimba kiitikio. Watu wazima wakawa wanapita kupiga picha. Halafu wateja wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Kaka alikuwa anavikunja vizuri, anawarudishia, anawashukuru.

Nikamuuliza kaka yuko wapi. Akanionyesha uani.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda juani, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine. Anajaribu kutunga. Uzi unapita pembeni ya sindano, sentimita nzima pembeni, na yeye haoni.

"Tangu lini?" nilimuuliza shemeji.

"Kabla ya wimbo wako," alisema. "Presha ya macho. Alikuwa anaona jua likiwa kali tu, tena asubuhi. Ndiyo maana alikuwa anawaambia waje kesho."

Nilikaa chini hapo hapo.

Akaendelea. Daktari alikuwa amesema wakiwahi, kilichobaki cha macho kingeokolewa. Kaka alikuwa ameahidiwa kushona sare za shule nzima, na kazi ile ndiyo ingempeleka hospitali. Wimbo ulipotoka, mwalimu mkuu akaja mwenyewe kusema samahani. Wanafunzi wanauimba kila siku, wazazi watamwelewaje akimpa kazi Fundi Kesho? Sare zikaenda kwa mwingine. Kaka alifika hospitali kwa kuchelewa, na macho yakaisha.

Hakumwambia mteja hata mmoja kwamba haoni. Fundi asiyeona nani atampa kitambaa? Aliona afadhali aitwe mvivu.

Nilimwendea pale kwenye kigoda, nikapiga magoti. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe."

Alizungusha sindano kwenye vidole viwili. Kisha akakohoa kidogo na kusema, "Njoo kesho."

Shemeji alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikujua ule ni utani au ni jibu. Kesho yake nilikwenda kweli, jua likitoka, nikapiga magoti tena. Akaniambia niinuke, twende tukafungue duka, anifundishe kukata suruali.

Hakusema amenisamehe.

Basi nikaacha muziki nikakaa kwenye cherehani yake. Alinifundisha kwa vidole. Kila nguo niliyomaliza alikuwa anaipitisha mikononi mwake, mshono kwa mshono, na pakiwa na kosa kucha yake inasimama hapo hapo. Nilifumua sana mwaka wa kwanza. Lakini sijawahi kumwambia mteja arudi kesho, hata siku moja, kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa nakuja kwenye swali lenu.

Wimbo wa pili ulikuwepo. Niliuandika miezi michache baada ya kurudi, na nawaambia bila kujisifu kwamba ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza mara kumi. Nilieleza kila kitu: macho, jua la asubuhi, zile sare. Nilitaka nchi nzima iliyomcheka imlilie. Mwenye studio aliposikia beti mbili tu kwenye simu, akasema nije hata leo.

Nikamwimbia kaka kwanza. Nilimwimbia pale dukani, mlango umefungwa, yeye amekaa kwenye benchi la wateja.

Nilipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Wa kwanza ulinifanya mvivu," alisema. "Mvivu anatukanwa, lakini bado ni mtu. Huu unanifanya kipofu mbele ya nchi nzima. Watanionea huruma mpaka nife. Huu usiutoe, dogo."

Nikachana karatasi mbele yake, akasikia zinavyochanika. Nikamwambia, "Sawa, kaka. Siimbi tena."

Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Kabla hajasema, mteja akagonga mlango, nikaenda kufungua. Hatukurudi kwenye mazungumzo yale.

Ila mara moja moja, tukiwa kazini, alikuwa ananiuliza, "Na wimbo mwingine je?" Mwaka huu anauliza, mwaka ujao anauliza. Mimi nikawa nalichukua kama kijembe. Nilijua ananikumbusha deni langu, nikawa nainamisha kichwa na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Nilisema moyoni, piga tu kaka, nastahili.

Mwezi uliopita kifua kikambana. Kilimchukua wiki mbili tu. Siku ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani kwake, asubuhi, nikamuuliza tena kama amenisamehe. Alinipapasa mkono, akasema nikafungue duka, watu wananisubiri.

Nilikwenda kufungua duka. Niliporudi mchana alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo Jumamosi, redio ilipotangaza kwamba nimekufa mimi, nilitamani iwe kweli. Nasema nilivyohisi.

Yule mteja alipoondoka, shemeji akaingia. Alikuwa anasikiliza kipindi kile kile kule nyuma. Akakaa kwenye benchi, akapunguza sauti ya redio.

"Shemeji, kuna jambo alinikataza nisikwambie," alisema. "Lakini sasa hayupo, na mimi siwezi kukaa nalo."

Nikaacha pasi.

"Ule wimbo wako aliusikia kabla hujakwenda studio. Ulikuwa unaimba nyuma ya pazia, yeye amekaa kwenye cherehani gizani. Hakuwa ametoka. Aliusikia jioni nyingi."

Nikamwambia haiwezekani. Ndiye aliyenilipia.

"Ndiyo. Alijua unamhusu, akalipa. Aliniambia macho yake yanaisha, duka litakufa tu, leo au mwakani. Akasema dogo ana sauti. Acha wanicheke mimi, yeye atoke."

Nilimuuliza jambo moja tu, lile lililonitafuna miaka yote: kwa nini basi alikataa kusema amenisamehe?

Shemeji aliniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Angekusamehe nini, kitu alichokukubalia mwenyewe? Hilo halikumuuma kamwe. Kilichomuuma ni kwamba uliacha. Alikukataza wimbo mmoja, ukaacha zote. Kila mwaka alikuwa anakuuliza kama una mwingine, unanyamaza. Alikuwa anarudi ndani ananiambia, nimetoa macho yangu bure."

Nimelirudia neno hilo wiki nzima. Bure.

Miaka ishirini na miwili nilijua ninalipa. Nilikaa kwenye cherehani nikijiona mtu wa toba, tena nikijiheshimu kidogo kwa hilo. Kumbe kitu pekee alichokinunua kwa macho yake kilikuwa sauti yangu, na mimi nikaizima mbele yake, nikamwacha akae gizani bila hata hiyo.

Redio wamenipigia tena jana. Wanataka niende nikaimbe, mubashara, watu wajue niko hai. Nilifunga duka nikajaribu. Sauti bado ipo. Niliimba mistari mitatu ya kitu kipya, nikanyamaza kusikia kama kuna mtu atakohoa nyuma ya pazia.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemkosea, usijichagulie adhabu. Unaweza kujitesa maisha yako yote kwa jambo ambalo hakulitaka, na ukawa umemkosea mara ya pili. Nenda kamuulize anataka nini, umfanyie hicho, akiwa bado anasikia.