Nilimdai Skola Ushahidi

Kosa nililifanya mimi, mchana kweupe, mbele ya darasa zima la watu, tena kwa Kiswahili fasaha. Nalisema mapema kwa sababu najua wapo watakaotaka kunitetea. Msinitetee! Nimeshajitetea vya kutosha, na ndivyo nilivyofika hapa.

Nina shahada ya sosholojia. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Ilembo, hapa Mpanda, kusubiri ajira. Ajira ikaona isinisumbue. Basi nikajiajiri katika kuhoji. Nilimhoji katekista kuhusu ubatizo. Msibani nilihoji kwa nini tunapika pilau. Redioni nilipiga simu kupinga mada kabla mtangazaji hajamaliza kuisoma. Nyumbani wakaniita Maswali, nami nikadhani ni cheo!

Kila Jumamosi kuna kikundi cha akina mama wanaokutana kwenye darasa la shule ya msingi. Anayewaongoza ni Mama Yustina, nesi mstaafu. Wanawafuatilia mabinti walioacha shule, wanawatafutia daftari na taulo za kike, na wanapinga ukeketaji. Mimi nilikuwa nahudhuria kwa sababu mbili za kitaaluma: kuwakosoa, na kula wali maharage wao.

Ukeketaji Katavi? Nilikuwa nacheka. Hayo ni ya mikoa mingine, nilisema, sisi tumeletewa ajenda na wafadhili, pamoja na fulana. Kwamba mtaa wetu umejaa watu waliohamia na mifugo yao, vyungu vyao na mila zao, hilo sosholojia yangu haikuliona. Ilikuwa inasubiri takwimu.

Jumamosi moja akasimama Skola. Ni binti wa jirani, kidato cha pili, jioni nilikuwa namfundisha hesabu barazani kwetu.

"Mdogo wangu ana miezi saba," alisema. "Bibi mzaa baba amekuja jana. Anasema mtoto ana lawalawa. Jumatatu asubuhi anamkata."

Kwa asiyejua, lawalawa ni jina wanalouita muwasho na vipele vya sehemu za siri za mtoto wa kike. Wapo wazee wanaoamini kwamba dawa yake ni kumkeketa. Sheria ilipoanza kuwalinda mabinti wakubwa wanaojua kusema, wembe ukahamia kwa wachanga wasiojua. Ubunifu ulioje!

Mama Yustina alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Twende sasa hivi, wote. Mjumbe, utuongoze."

Nami nikanyoosha mkono. Ee Mungu wangu, ule mkono!

"Tusiendeshwe na hisia," nilisema. "Skola, bibi alitumia neno kukata?"

"Alisema kutibu, dada."

"Kwa hiyo kukata umesema wewe."

"Dada, kwetu wakisema kutibu lawalawa ndiyo..."

"Wembe umeuona?"

"Sijauona."

"Basi tuna bibi aliyekuja kumsalimia mjukuu wake."

Watu wakacheka. Nilisikia raha, siwafichi! Skola akakaa, akawa anakwangua dawati kwa ukucha.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa amealikwa kikaoni, mzee mpole anayeogopa ugomvi kuliko chatu, akashusha pumzi. "Msomi wetu kasema vizuri. Nyumba ya mtu haiingiliwi kwa maneno ya mtoto. Tusubiri ushahidi."

"Binti," Mama Yustina akanigeukia, "tukienda tukakuta si kweli, tutaona aibu na kurudi. Tusipoenda ikawa kweli, je?"

Nikamjibu kwamba hiyo ni hoja ya kutisha watu, siyo ya mantiki. Nilishinda! Wakatawanyika. Mama Yustina akaenda peke yake, na baba yake Skola akamsimamisha uani. Habari zilikuwa zimeshamfikia. "Hata mjumbe wako hajaja na wewe," alimwambia. "Rudi kwako, mama." Akarudi, akapanga kwenda ofisi ya kata Jumatatu alfajiri.

Bibi naye si mjinga. Aliposikia mambo yamefika kikaoni, hakungoja Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, akamaliza kazi yake.

Mimi nilikuwa nyumbani nafua, maana kanisa nalo nilikuwa bado nalihoji. Skola akaja mlangoni bila viatu, kambeba mdogo wake. Sitaieleza khanga aliyomfungia. Hakulia.

"Dada," aliniambia, "ushahidi upo."

Mama Yustina alimpakia mtoto kwenye bodaboda, wakakimbilia hospitali. Mtoto alipona. Daktari alisema vile vipele vilitokana na nepi ya plastiki iliyokuwa haibadilishwi. Dawa ya kupaka na kumwacha mkavu, basi! Alichokatwa hakioti tena.

Bibi na baba wana kesi. Kabla ya kuchukuliwa na polisi, baba alikuwa ameshatoa hukumu yake: Skola shule mwisho, kwa kuwa shule ndiyo imemfundisha kuanika siri za nyumba. Akina mama wa wali maharage hawakuomba takwimu. Mama Yustina alimchukua kwake. Mwalimu wake mmoja alileta sare, na mjumbe kwa haya zake akabeba kiroba cha unga begani hadi mlangoni. Skola anaendelea na masomo. Hesabu anafundishwa na mtu mwingine. Tukikutana ananipa shikamoo, vizuri kabisa, kama anavyompa afisa asiyemjua. Neno dada limekwisha.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu yote. Kumbe bado mama yake.

Siku hizi anakuja kwenye kikundi, mtoto mgongoni. Nilikwenda kumwomba radhi, nimeandaa maneno, yamepangika kama insha. Hakuyangoja.

"Mdogo wangu, unajua nani alimtuma Skola pale?"

Nikatingisha kichwa.

"Mimi. Mbele ya mama mkwe sina kauli. Nikajua mkija wengi, mume wangu ataona haya, na mimi nitapata pa kusimama. Alikuja Mama Yustina peke yake. Nyie wengine nilikaa nawasikilizia mpaka giza. Mlikuwa mnafanya nini?"

Mimi Maswali, nimeulizwa swali moja, na mpaka leo natafuta pa kuanzia. Tulikuwa tunacheka.

Ndugu zangu wasomi, hasa nyie mnaopenda kushinda mijadala, sikilizeni. Kuhoji ni kuzuri, sijaacha. Lakini angalieni mnamhoji nani! Bibi aliyeshika wembe sikumwuliza hata swali moja. Baba sikumwuliza. Mila yenyewe, iliyokuja bila takwimu wala fulana, sikuiuliza ina ushahidi gani. Nilimbana mtoto wa kidato cha pili, kwa sababu yeye ndiye asingenijibu vibaya.

Mtoto akikwambia nyumbani kwao kuna jambo, inuka. Mwite jirani, mwite mjumbe, mwite yeyote mwenye miguu, mwende wengi. Maswali yako utayauliza njiani.